Mwamba na Mzigo Wake: Historia Fupi ya Elimu ya Nyiragongo

Mji wa Goma umejengwa juu ya jiwe lililowahi kutiririka. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilifika tena vitongojini. Je, mwamba huo huyeyushwa na nini?

Jibu la kawaida ni moto, nalo ni nusu ya jibu. Mwaka 1834 Mfaransa Clapeyron alitunga kanuni inayohusisha joto, shinikizo na ujazo wa kitu kinapobadili hali yake. Kanuni hiyo, ilipoendelezwa na Clausius, ilionyesha kwamba kitu kinachotanuka kwa kuyeyuka huhitaji joto zaidi kadiri kinavyobanwa. Bridgman wa Harvard alivibana vitu yabisi maabarani, akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Mwamba ulio chini ya ganda la dunia, ukiwa mkavu, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi ukiwa juu ya ardhi. Kwenye kina cha kilomita 100, shinikizo ni kama mara 30,000 ya lile la hewa, na joto linalohitajika hukaribia nyuzi 1,500. Kwa hiyo mwamba huo, ijapokuwa una joto jingi, hubaki yabisi. Katika Bonde la Ufa ganda hutanuka na kuwa jembamba. Mwamba hupanda, shinikizo hupungua, nao huyeyuka. Haukuongezewa moto; umetuliwa mzigo. Maji na gesi ya kaboni huurahisishia kazi hiyo.

Ushahidi ulitafutwa katika mawe yenyewe. Holmes na Harwood walichapisha uchunguzi wa Bufumbira, Uganda, mwaka 1937. Mwaka 1957 Sahama na Hytönen walieleza madini mapya ya Shaheru, ubavuni mwa Nyiragongo: getzeniti, kwa jina la Götzen aliyeupanda mlima mwaka 1894, na kombeiti, kwa jina la Combe, mwanajiolojia wa Uganda.

Majina hayo yanawakumbuka wageni, na elimu yenyewe imeandikwa zaidi kwa lugha zao. Hasara yake si ya heshima tu. Katika milipuko yote mitatu lava ilitokea kwenye nyufa za ubavuni. Anayefundishwa kwamba volkano ni moto hutazama moshi wa kileleni. Anayefundishwa habari za shinikizo hutazama pia ardhi anayoikanyaga. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa somo hilo: kubana, kupasuka, kutua mzigo. Kilichobaki ni kuyatumia darasani.