Taka za kielektroniki: Mkataba wa Basel unasemaje?

Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989, husimamia usafirishaji wa taka za sumu baina ya mataifa. Tangu Januari 1, 2025, taka zote za kielektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, hazisafirishwi kabla nchi inayozipokea haijatoa ridhaa kwa maandishi. Kimya si ridhaa.

Kinga hiyo yahitaji serikali yenye uwezo wa kukataa. Serikali kuu ya Somalia iliporomoka mwaka 1991. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, UNEP iliripoti kwamba mawimbi yalitupa pwani makontena ya taka za sumu. Kwa Wabajuni wa Chula, wanaotegemea uvuvi, bahari ndiyo riziki.

Somalia ilijiunga na mkataba mwaka 2010. Kisheria, bila ridhaa ya Mogadishu, shehena haipaswi kung'oa nanga.