Maji Yasiyopungua: Historia ya Bahari Ndani ya Minecraft

Maji ya Minecraft hayapungui. Mchezaji akimwaga ndoo mbili kwenye pembe mbili za mshazari za shimo lenye matofali mawili kwa mawili, shimo zima hujaa, na tangu hapo anaweza kuchota mpaka achoke bila maji kushuka hata kidogo. Gemu hiyo ilitimiza miaka 15 Mei 2024, na nakala zake zilizouzwa zimepita milioni 300. Hata hivyo, bado inagawa watu pande mbili: wanaotaka maji yake yawe kama ya mtoni, na wanaotaka tu kompyuta isikwame.

Hesabu halisi za mwendo wa vimiminika ni nzito mno kwa gemu inayochezwa papo hapo. Wabunifu waliona njia rahisi zaidi katika wazo la miaka ya 1940 la wanahisabati John von Neumann na Stanisław Ulam: dunia igawanywe vyumba vidogo, na kila chumba kiamue hali yake kwa kuangalia majirani tu. Dunia ya matofali tayari imegawanywa hivyo.

Aliyeifikisha njia hiyo mbali kabla ya Minecraft ni Tarn Adams, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, akishirikiana na kaka yake Zach. Gemu yao, Dwarf Fortress, ilitoka mwaka 2006, na haikuwa na picha za kupendeza: kwa miaka mingi ilichorwa kwa herufi na alama za kibodi. Kila chumba chake hubeba maji kwa kipimo cha 0 hadi 7, na maji yakitumika huwa yametumika. Kina cha 1 kikiachwa peke yake hukauka, na kina cha 7 humzamisha asiyejua kuogelea.

Kinachoshangaza zaidi ni presha. Chumba kilichojaa kikisukumwa na maji ya juu yake, programu haisogezi maji hatua kwa hatua. Hufuata vyumba vilivyojaa mpaka ipate nafasi wazi iliyo chini zaidi, kisha maji huwekwa pale moja kwa moja. Ndiyo maana kisima kilichounganishwa na mto wa mlimani hufurika na kumeza ngome nzima. Wachezaji waligundua kwamba presha haipiti kwenye mshazari, wakaanza kuchimba mifereji yenye kona moja ya mshazari ili kuivunja. Wengine waligundua kwamba gurudumu la maji hutoa nguvu 100 na lenyewe hutumia 10, ilhali pampu ya parafujo inayolirudishia maji hutumia 10 tu. Wakajenga mashine zinazojiendesha zenyewe milele, jambo ambalo fizikia ya kweli hailikubali. Kwa hiyo hata maji haya yanayosifiwa kwa uhalisia yana ulaghai wake. Bado, ni haki kusema kwamba kazi hii haijapewa heshima inayostahili. Ilitolewa bure kwa miaka 16, ikiishi kwa michango ya wapenzi wake, huku sifa zikienda kwingine.

Sifa hizo zilienda Sweden. Markus Persson, ambaye mwenyewe ameitaja Dwarf Fortress pamoja na gemu ya Infiniminer ya Zachary Barth kuwa zilimpa mawazo, alitoa toleo la kwanza la Minecraft Mei 2009, na maji yakaingia ndani ya siku chache. Yalikuwa maji ya kutisha. Yalijaza kila nafasi iliyo sawa nayo au chini yake bila kikomo, na aliyetoboa ukuta wa pango kwa bahati mbaya alilipoteza pango zima. Dawa ikawa sponji, tofali lililofukuza maji yaliyolizunguka.

Dunia ilipofanywa isiyo na mwisho mwaka 2010, mafuriko ya namna hiyo hayakuvumilika tena. Maji yenye ujazo maalumu, kama ya Dwarf Fortress, nayo yana shida yake. Shimo moja kwenye sakafu ya bahari hudai kila tone lipunguzwe mahali fulani, na hesabu hiyo huenea jirani kwa jirani hadi upeo wa macho. Minecraft hukokotoa tu maeneo yaliyo karibu na mchezaji, yaliyokatwa vipande vya matofali 16 kwa 16. Bahari ingepungua upande mmoja na kusimama kama ukuta upande wa pili.

Suluhisho lilikuwa kutenganisha chanzo na mkondo. Chanzo hakipungui. Mkondo husafiri matofali 7 kwenye tambarare, ukipungua kina kila hatua, nao hufa chanzo kikiondolewa. Husogea kila baada ya mipigo 5 ya saa ya gemu, yaani hatua nne kwa sekunde. Presha haipo kabisa. Kanuni hii ni ya uongo mtupu, lakini inatabirika, na kilimo kingi cha Minecraft kimejengwa juu yake: tofali moja la maji hulowesha udongo hadi matofali 4 kila upande.

Gemu ya Terraria ya mwaka 2011 ilirudia maji yenye ujazo maalumu, kwa vipimo 255 kwa kila kigae. Iliyamudu kwa sababu dunia yake ni bapa, na hata hivyo inapofunguliwa humsubirisha mchezaji huku vimiminika vikitulizwa.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuwa machache. Sponji, iliyokuwa imebaki bila kazi, ilirudishiwa uwezo wake mwaka 2014. Julai 2018, toleo la 1.13 liliruhusu maji kukaa ndani ya uzio na ngazi, ambavyo awali viliacha pengo la hewa katikati ya bahari. Toleo la 1.19.3 la Desemba 2022 likawapa wenye seva uwezo wa kuzima kanuni ya ndoo mbili. Mwezi huohuo Dwarf Fortress iliingia sokoni kwenye Steam, ikiwa na picha.