Uziwi wa ghafla: Hatari ya kungoja sikio lizibuke

MTU hulala akiwa buheri wa afya, kisha huamka na kugundua kwamba sikio moja halisikii. Wengine hutambua jambo hilo wanapoweka simu sikioni na kudhani imeharibika, hadi wanapoihamishia upande wa pili. Aghalabu sikio huhisi limejaa na huvuma, na pengine mgonjwa hushikwa na kizunguzungu.

Kwa kuwa kwa kawaida hakuna maumivu, wengi hudhani ni nta, maji ya kuoga au mafua. Hununua dawa ya matone, wakangoja. Katika kungoja huko ndimo nafasi ya kutibiwa hupotea.

Matabibu huuita uziwi wa ghafla wa neva pale usikivu unapopungua kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Kasoro haiko kwenye tundu la sikio wala kiwambo chake, bali katika kiungo cha ndani chenye umbo la konokono, au kwenye neva inayopeleka sauti ubongoni. Kiungo hicho kina seli za kunasa sauti zipatazo 15,000, nazo zikifa hazioti tena. Kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi chanzo hakijulikani. Virusi na hitilafu ya mishipa ya damu hushukiwa tu.

Lawama si ya mgonjwa peke yake. Mhudumu wa zahanati huchungulia sikio, akaona kiwambo kizima, akamrudisha mgonjwa nyumbani na viuavijasumu. Kumbe kiwambo kizima kwa mtu asiyesikia ndicho kinachopaswa kumshtua. Uma wa chuma unaotoa mlio ukigongwa, na kuwekwa katikati ya paji la uso, hutoa fununu papo hapo: ikiwa sikio limezibwa na nta, mlio husikika zaidi upande ule mbovu, ikiwa neva ndiyo iliyoathirika, husikika upande mzima. Pasipo uma, mgonjwa anaweza kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefumbwa na kusikiliza inaelemea wapi. Uthibitisho kamili hutokana na kipimo cha usikivu.

Tiba iliyozoeleka ni vidonge vya steroidi kwa siku 10 hadi 14, vianzwe ndani ya wiki mbili tangu dalili zitokee. Vikishindwa, daktari wa masikio, pua na koo huweza kudunga dawa kupitia kiwambo, hasa kati ya wiki ya pili na ya sita. Baada ya hapo matumaini hufifia. Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa hupona bila dawa yoyote, na ushahidi kuhusu nguvu ya steroidi si imara jinsi ambavyo wengi wangependa. Ila hakuna awezaye kujua mapema nani atapona mwenyewe.

Dawa hizi si za kujinunulia, kwani hupandisha sukari na shinikizo la damu. Hata usikivu ukirejea, mgonjwa hushauriwa kupigwa picha ya MRI, kwa sababu mara chache uvimbe kwenye neva ya sikio hujitambulisha kwa njia hii hii.