Mlima Kenya: Miamba Miwili ya Volkano Moja

Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni kizibo cha volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Mwamba wa ndani: Magma iliyonasa kooni mwa volkano ilipoa polepole, fuwele zake zikapata muda wa kukua. Ndiyo sayanaiti ya nefelini, ngumu na yenye chembe kubwa.

Mwamba wa nje: Lava iliyomwagika ilipoa upesi, ikawa kenaiti nyeusi yenye chembe ndogo mno. Hata hivyo, ina fuwele kubwa za madini ya feldispa, zenye umbo la msambamba, zilizoanza kukua chini ya ardhi kabla ya mlipuko.

Miamba yote miwili ina feldispa tele, wala haina kwazi, tofauti na graniti.

Mgeni, zitazame fuwele kwa karibu. Usivunje wala kuchukua jiwe.