George Frederick Kunz na Heshima ya Mawe ya Rangi

Wengi wa watu walioingia katika biashara ya johari waliirithi kwa wazee wao au walilelewa mikononi mwa masonara, bali George Frederick Kunz, aliyezaliwa New York mwaka 1856, aliingia akiwa na mawe ya kuokota. Wazazi wake walipohamia Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson, vilima vya jirani vilikuwa vikitobolewa kupitisha garimoshi, na katika vifusi vilivyomwagwa nje, ambavyo wapita njia waliviona taka tupu, kijana yule alichambua mawe yenye fuwele, akayaosha, akayapanga na kuyaandikia majina. Shahada hakuwa nayo. Alihudhuria masomo ya jioni katika chuo cha Cooper Union, na yaliyosalia akajifunza mwenyewe vitabuni na machimboni. Kabla ya kutimiza miaka 20 alikwisha kukiuzia Chuo Kikuu cha Minnesota mkusanyo wa mawe yapata 4,000 kwa dola 400, na hapo, naamini, ndipo alipoyakinika kwamba shauku yake yaweza kuwa riziki.

Mwaka 1876 alifunga katika karatasi jiwe moja la tumalini ya kijani, akalipeleka kwa Charles Tiffany, mwenye duka kubwa la vito mjini New York. Zama zile masonara wakubwa hawakuhesabu johari ila almasi, yakuti, zumaridi na lulu. Kwa hiyo kumwekea tajiri kama yule jiwe la rangi lisilo na cheo, na kumshawishi alitazame kwa uzuri wake, ulikuwa ujasiri mkubwa. Tiffany alilinunua, na mwaka 1879 akamwajiri awe mjuzi wake wa vito.

Huko alikabidhiwa amana nzito: kusimamia ukataji wa almasi ya manjano iliyotoka Kimberley, Afrika Kusini, yenye karati 287.42. Ilikatwa Paris ikabaki karati 128.54, yaani zaidi ya nusu yake ilipotea, lakini ikapata nyuso 82, ili mwanga uwake ndani yake. Na mtu aliyekubali hasara ya uzito kwa ajili ya nuru alikuwa na jicho la mpenzi wa mawe kabla ya jicho la mchuuzi.

Hata hivyo, kwangu mimi fahari yake kuu si almasi ile. Ni kule kuyatetea mawe yaliyodharauliwa, katika kitabu chake cha 1890 juu ya vito vya Amerika Kaskazini, na katika mkusanyo ambao tajiri wa benki J. P. Morgan aliununua akautoa hiba kwa makumbusho ya New York. Jiwe la zambarau hafifu lililoonekana Pala, California, likaitwa kunzaiti kwa jina lake. Naye berili ya waridi ya Madagaska akaiita morganaiti kwa jina la Morgan. Alihimiza pia karati, neno lenye asili katika qirat ya Waarabu, iwe na uzito mmoja kila mji, miligramu 200, na Marekani ikaukubali mwaka 1913.

Kunz alifariki mwaka 1932, angali mtumishi wa duka la Tiffany. Mwaka 1967 yalipopatikana Mirerani, chini ya Kilimanjaro, mawe ya buluu ambayo soko halikuyajua, duka lilelile ndilo lililoyapokea, na mwaka 1968 likayatangaza ulimwenguni kwa jina la tanzanaiti.