Bunduki Mlangoni: Ni Nani wa Kupiga Hodi?

Katika jimbo la Texas, mwenye duka asiyetaka mteja aingie na bastola inayoonekana kiunoni hawezi kuandika tu "marufuku" kwenye kipande cha boksi akakibandika mlangoni. Kifungu cha 30.07 cha sheria ya makosa ya jinai ya jimbo hilo kimempangia hata maneno ya kuandika: yawe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi 1 kwa kimo, rangi yake isifanane na ya ubao, na tangazo lionekane wazi kwenye kila mlango wa kuingilia. Akitaka kumzuia pia yule aliyeificha bastola ndani ya koti, atundike ubao wa pili, wa kifungu cha 30.06, wenye maneno yake tofauti. Mwenye leseni akiupuuza ubao, adhabu ni faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa kwa mdomo atoke, naye akagoma, hapo kosa linapanda daraja na kifungo cha hadi mwaka 1 kinaingia. Kwa hiyo pamoja na vipimo vyote hivyo vya herufi na rangi, sheria inaanza kuuma pale tu binadamu wa kaunta anapofungua kinywa na kumwambia mtu mwenye silaha aondoke.

Wengi hudhani kwamba Wamarekani wanagombana kuhusu haki ya kuingia dukani na bunduki. Kwa kweli haki hiyo haina utata mkubwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao yanaifunga mikono serikali, hayamfungi mwenye nyumba wala mwenye duka. Mahakama ya rufani ya shirikisho ililisema hilo mwaka 2012 katika kesi iliyotoka Georgia, kwamba haki ya kubeba silaha haimpi mtu ruhusa ya kuingia nayo katika mali ya mwenzake asiyetaka. Ugomvi wenyewe uko kwingine: nani abebe kazi ya kusema hapana. Miaka 140 iliyopita kazi hiyo ilikuwa ya mji. Leo, katika majimbo mengi, imeshushwa hadi kwa keshia, na namna maduka makubwa yalivyojibu tangu 2010 haieleweki mtu asipoliona hilo kwanza.

Filamu za kauboi zimetudanganya sana hapa. Zinatuonyesha baa ambako kila mnywaji ana bastola mbili mapajani, kumbe miji iliyotajirika kwa biashara ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa mikali kuliko yote kuhusu silaha. Ipo picha mashuhuri ya barabara ya Dodge City, Kansas, ya mwishoni mwa miaka ya 1870, yenye ubao uliosimikwa katikati ya njia kutangaza kwamba kubeba silaha ni marufuku kabisa. Chini ya onyo hilo limepachikwa tangazo la dawa chungu ya tumbo, maana biashara haikosi nafasi. Tombstone, Arizona, ilipitisha sheria yake ndogo Aprili 1881: mgeni akifika mjini, aikabidhi silaha yake na kuichukua siku ya kuondoka. Wafanyabiashara hawakuiona amri hiyo kama adui. Walitaka fedha za wachunga ng'ombe bila risasi zao, na amri iliwaondolea aibu na hatari ya kumwambia mteja mlevi avue mkanda. Aliyemwambia alikuwa mkuu wa polisi wa mji, mwenye mshahara wa kazi hiyo na bastola yake mwenyewe. Hata hivyo haikuwa kazi nyepesi. Oktoba 26, 1881, mkuu huyo wa polisi wa Tombstone, Virgil Earp, na ndugu zake walikwenda kuwanyang'anya silaha wachunga ng'ombe karibu na zizi la O.K.; zikapigwa risasi zipatazo 30 kwa muda wa kama nusu dakika, na watu 3 wakafa. Pambano linalosifiwa kuliko yote katika hadithi za Magharibi lilizuka kwenye utekelezaji wa amri ya kuweka silaha chini.

Zamani hizo, kubeba waziwazi kulikuwa na heshima kuliko kuficha. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku silaha zilizofichwa tangu 1813, na mwaka 1850 mahakama kuu ya Louisiana ilieleza kwamba anayebeba hadharani anatumia haki yake kiungwana, ilhali anayeficha anafanana na muuaji wa kuvizia. Karne ya 20 ikaigeuza hukumu hiyo kichwa chini. Mwaka 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi, walipokuwa wakizunguka Oakland na bunduki mikononi kuwafuatilia polisi, na Mei 2 wakaingia nazo katika jengo la bunge mjini Sacramento, California ilipitisha haraka sheria ya kuzuia kubeba hadharani silaha iliyojazwa risasi, na gavana Ronald Reagan akaitia saini. Florida ilirahisisha leseni za kubeba kwa kificho mwaka 1987 na mwaka huohuo ikakataza kubeba waziwazi, katazo lililosimama hadi mahakama ya rufani ya jimbo ilipolibatilisha 2025. Wazo jipya lilikuwa kwamba muungwana huficha, na anayeonyesha ana lake jambo.

Ndipo ilipofika zamu ya maduka ya kahawa. Mwanzoni mwa 2010, katika eneo la ghuba ya San Francisco, watetezi wa silaha walianza kukutana kwenye mikahawa wakiwa na bastola viunoni. Sheria ya California wakati huo iliruhusu bastola ya wazi mradi haina risasi. Peet's Coffee na California Pizza Kitchen waliwakataa. Starbucks walisema wao wanafuata sheria ya mahali walipo, basi. Jibu hilo lilionekana la busara, la mfanyabiashara asiyetaka kesi ya mtu. Lakini anayenyamaza mlangoni naye anakuwa amekaribisha, na wabebaji wakaichukulia Starbucks kuwa mwenyeji wao, wakaipangia hadi siku ya shukrani, Agosti 2013, na mjini Newtown, ambako watoto 20 na watu wazima 6 walikuwa wameuawa shuleni Desemba 2012, mkahawa ukalazimika kufunga mapema siku hiyo. Septemba 17, 2013, mkuu wa kampuni, Howard Schultz, alitoa barua ya wazi. Aliomba silaha zisiletwe, akasisitiza kwamba ni ombi, si marufuku. Sababu mojawapo aliyoitoa inafaa kukumbukwa: marufuku ingewalazimu wahudumu wake kukabiliana na wateja wenye silaha, naye hakutaka kuwatwisha mzigo huo.

Mwaka uliofuata moto ulihamia Texas, na hapa kuna kituko cha sheria kisichojulikana sana nje ya jimbo hilo. Tangu 1871 Texas ilibana kubeba bastola, lakini bunduki ndefu haikuigusa. Kwa hiyo wanaharakati wa Open Carry Texas waliotaka uhuru wa bastola walionyesha hasira yao kwa kuingia migahawani na bunduki za mtindo wa kijeshi, ambazo ndizo zilizokuwa halali. Picha zao wakisubiri chakula zilisambaa kila mahali. Chama cha akina mama wanaodai udhibiti wa silaha, Moms Demand Action, kilizichukua picha hizohizo na kuyabana makampuni: Chipotle ikaomba silaha zisiletwe Mei 2014, wakafuata Chili's na Sonic, kisha Target Julai 2, na Panera Septemba. Hata NRA, chama kikubwa cha wenye silaha, kiliwakosoa wabebaji hao hadharani, ingawa siku chache baadaye kilimeza maneno yake. Wanaharakati walifikiri macho ya watu yangezoea bunduki. Walichofanikiwa ni kumlazimisha mwenye duka aseme jambo ambalo miaka yote alikuwa amejaliwa kutolisema. Katika bunge la jimbo mjini Austin, hata hivyo, walishinda. Bastola ya wazi kwa mwenye leseni ilihalalishwa kuanzia Januari 1, 2016, na ubao wa 30.07 ukazaliwa na sheria hiyohiyo, kama fidia kwa wenye maduka. Kwa lugha nyingine, bunge lilijiondolea swali na kumpelekea mwenye duka pamoja na maelekezo ya kuchora herufi.

Jibu kubwa kuliko yote lilitoka Walmart, na lilitoka kwenye damu. Agosti 3, 2019, mtu mmoja aliwapiga risasi wateja katika duka lao la El Paso. Waliokufa walifikia 23. Siku 5 baadaye, kijana mwenye bunduki na fulana ya kuzuia risasi aliingia katika Walmart ya Springfield, Missouri, eti anapima kama duka linaheshimu haki yake. Watu walitimua mbio. Septemba 3 mkuu wa kampuni, Doug McMillon, alitangaza kwamba wanaacha kuuza risasi za bastola na za baadhi ya bunduki, na kwamba wanawaomba wateja wasibebe silaha waziwazi hata pale sheria inaporuhusu. Kroger walifuata siku hiyohiyo, kisha CVS, Walgreens na wengine ndani ya wiki moja. Bunduki za kuwinda ziliendelea kuuzwa, na mwenye leseni aliyeficha bastola hakuguswa. Kampuni yenye maduka zaidi ya 4,500 nchini humo ilikuwa imeligusa jicho la mteja tu: usituonyeshe.

Wako wanaoliita hilo unafiki, nao hawana makosa yote. Ombi lisilo na adhabu, linalomwacha mwenye silaha iliyofichwa apite, halipunguzi idadi ya bastola katika duka hata kwa moja. Ila wanasahau kwamba silaha inayoonekana ina kazi ambayo iliyofichwa haina: inazungumza na kila mtu aliyemo, na hakuna aliyemo anayejua inasema nini. Colorado Springs, Oktoba 31, 2015, mwanamke mmoja aliwapigia polisi kuwaambia kuna mtu mtaani na bunduki. Aliyepokea simu alimweleza kwamba jimbo linaruhusu kubeba waziwazi. Dakika chache baadaye mtu huyo alianza kuua, na watu 3 wakapoteza maisha. Mpokea simu aliisoma sheria sawasawa, lakini sheria yenyewe ilikuwa imeifuta dalili pekee ambayo ingemtofautisha muuaji na mpita njia.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema raia mwenye silaha ndiye mlinzi wa kwanza. Wana ushahidi, na ni uungwana kuutaja. Yule kijana wa Springfield alizuiliwa na mzimamoto aliyekuwa mapumzikoni, mwenye bastola yake, hadi polisi wakafika. Na sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wetu: Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia Westgate, Nairobi, na kuua watu 67, baadhi ya waliowahi kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni za bastola. Mwezi uliofuata Ronald Noble, katibu mkuu wa Interpol, alitumia tukio hilo kuuliza kama kuwapa raia silaha si njia mojawapo ya kulinda maduka. Lakini Westgate ilikuwa na funzo la pili: afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za askari wa jeshi, upande mmoja kwa mwingine, kwa sababu ndani ya jengo lile kila mwenye bunduki alifanana na mwenzake. Dallas ililiona jambo hilohilo Julai 7, 2016. Wabebaji wa bunduki walikuwa katika maandamano halali, mshambuliaji akaua polisi 5, na polisi wakasambaza picha ya mwandamanaji asiye na hatia kuwa ndiye mshukiwa. Raia hodari hahitaji kuonekana kabla ya hatari. Kuonekana kwake kunawafaa zaidi wanaotaka kujua wa kumpiga kwanza.

Tena macho hayawasomi watu wote sawa. Agosti 5, 2014, mwezi mmoja baada ya ombi la Target, kijana Mweusi wa miaka 22 alikuwa akitembea katika Walmart ya Beavercreek, Ohio, akizungumza kwa simu huku ameshika bunduki ya upepo aliyoitoa kwenye rafu ya duka lenyewe. Mteja mmoja aliwapigia polisi, walifika, wakamuua. Ohio ni jimbo linaloruhusu kubeba silaha waziwazi. Hata ingekuwa bunduki ya kweli, kuishika tu hakukuwa kosa. Ukiliweka tukio hilo kando ya Sacramento ya 1967, inakuwa vigumu kuamini kwamba haki hii imewahi kuwa ya kila anayeibeba.

Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Bruen, Juni 2022, iliyopanua haki ya kubeba silaha nje ya nyumba, baadhi ya majimbo yalijaribu kurudisha kitu cha Tombstone kwa mlango wa nyuma. New York ilitunga sheria mwaka huohuo, Hawaii 2023: mwenye leseni asiingie na silaha katika mali binafsi iliyo wazi kwa umma mpaka mwenyewe amruhusu, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa tangazo. Ni hodi tu hiyo, ingawa wao hawana neno lake. Katazo la New York kwa maduka lilizuiwa na mahakama ya rufani Desemba 2023; la Hawaii lilipona katika mahakama nyingine Septemba 2024; na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza kesi ya Hawaii, iliyofunguliwa na wakazi wa kisiwa cha Maui wenye leseni. Wapinzani wanasema sheria hiyo inawafungia karibu kila mlango, kwani wenye maduka wengi hawatajisumbua kutundika ubao wa kukaribisha bastola. Nadhani wako sahihi, na hapo ndipo hoja yao inapojeruhi upande wao wenyewe, maana wanakiri kwamba kimya cha mwenye duka si ukarimu. Chini ya sheria ya Hawaii au ya Texas, mwenye duka anaweza kumkaribisha mwenye bastola au kumkatalia. Swali walilolipeleka wa Maui Mahakama ya Juu ni nani aanze kusema, wao wakiwa nje ya mlango au keshia akiwa ndani.