Kimya cha Hatua ya Nne

Kigango cha milimani Same hakimngojei padri ndipo kiishi. Padri huja kwa zamu. Siku nyingine zote ni za katekista, mwenyekiti wa jumuiya na mama mweka hazina. Kwa Walutheri mzigo huo uko kwa mwinjilisti na wazee wa kanisa. Kwa Wasabato, kwa mzee wa kanisa na walimu wa Shule ya Sabato. Hawa ndio wanaotangaza, wanaochangisha, wanaofariji wafiwa na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Karibu kazi yao yote ni ya mdomo. Ndiyo maana naamini sala ya taamuli, yaani kukaa kimya mbele za Mungu bila orodha ya maombi, inawahusu wao sawa na inavyowahusu watawa.

Upare, nchi ambamo Same imo, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza Shigatini mwaka 1900. Waadventista Wasabato walifungua kituo Giti mwaka 1903, cha kwanza chao katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jimbo Katoliki la Same ni changa zaidi: Prefektura ya Kitume mwaka 1963, jimbo kamili mwaka 1977. Leo katika msiba mmoja wa ukoo utasikia “Tumsifu Yesu Kristo”, “Bwana Yesu asifiwe” na “Sabato njema”, na wote ni ndugu wa damu.

Wakatoliki wana chombo cha taamuli mikononi, ingawa wengi hawakiiti hivyo. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu Katoliki ya Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha Kanisa katika ukanda huu. Baadaye, kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambako mapadri Fritz Lobinger na Oswald Hirmer walifundisha, ilienea njia ya kushirikishana Injili kwa Hatua Saba. Hatua ya kwanza ni kumkaribisha Bwana, ya pili kusoma. Katika ya tatu kila mmoja huchagua neno au kifungu kifupi, hukitamka kwa sauti zaidi ya mara moja, na wenzake hunyamaza kidogo kabla mwingine hajatamka lake. Ya nne ni kimya kitupu. Kushirikishana, kupanga kazi na sala za kufunga hufuata. Mkulima wa tangawizi wa Mamba anayerudia maneno matatu ya Injili sebuleni kwa jirani anafanya jambo ambalo Yohane Kasiano aliliandika karne ya 5 kuhusu wamonaki wa Misri, waliorudia mstari mmoja wa Zaburi mchana na usiku.

Lakini hatua ya nne ndiyo inayokatwa kwanza. Nimeketi katika jumuiya ambamo kimya hakikufika hata nusu dakika: mtu anakohoa, mwingine anaanzisha wimbo, na hatua ya tano inageuka mahubiri ya katekista. Hana nia mbaya. Amezoea kwamba penye kimya pana pengo, na pengo lolote ni juu yake kulijaza.

Walutheri wanaingilia mlango mwingine. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf, kijitabu cha kumfundisha kusali. Atwae amri moja kati ya zile kumi, atafute ndani yake fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Kinyozi mzuri, anasema, haondoi macho kwenye wembe wake. Msali naye asiachie mawazo yatangetange. Kisha anaongeza shauri ninalolipenda kuliko yote: mawazo mema yakianza kufurika, achana na utaratibu, nyamaza usikilize, kwa maana hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Mlutheri wa Upare aliyepita kipaimara anazo tayari amri hizo kichwani. Hahitaji kitabu kipya ili aanze. Mkatoliki huanza na neno lililomgusa leo. Mlutheri na lile alilolikariri utotoni.

Mwaka huohuo wa 1535 Beskendorf alimchoma kisu mkwewe akamuua, na Luther alikuwa miongoni mwa waliomwombea huruma. Akafukuzwa mjini badala ya kuuawa. Silaumu kijitabu. Ninachosema ni kwamba mafundisho mazuri ya sala hayamwondolei mtu haja ya watu walio karibu naye, wanaojua hasira yake.

Wasabato ndio wenye pingamizi, nalo halistahili kupuuzwa. Mwaka 2010 Ted Wilson, rais mpya wa kanisa lao ulimwenguni, alionya hadharani dhidi ya sala za taamuli, akihofia mizizi yake nje ya Biblia. Hofu hiyo ina pa kushika: John Main, aliyeieneza tafakari ya kurudia neno moja, alijifunza kwa swami wa Kihindu huko Malaya kabla hajawa Mbenedikto. Hata hivyo Ellen White, katika Tumaini la Vizazi Vyote cha mwaka 1898, anashauri saa nzima kila siku ya kutafakari maisha ya Kristo, tukio kwa tukio, hasa ya mwisho. Hapo yuko karibu kuliko wengi wanavyodhani na Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyefundisha kutafakari Injili vivyo hivyo. Na familia inayofungua Sabato Ijumaa jua linapozama tayari inajua kuacha kazi ili kumpa Mungu nafasi.

Kwa hiyo pingamizi lao nalichukua kama kipimo: kimya kitoke kwenye Neno na kirudi kwenye Neno. Hatua ya nne inakipita kipimo hicho, kwa kuwa inafuata kusoma. Sisemi watu wachanganye ibada. Nasema viongozi walei wa kila kanisa wajifunze hili wao kwa wao kwanza, mbali na semina zenye ratiba ya mada tangu asubuhi hadi jioni. Wakutane mara moja kwa mwezi, simu zizimwe, wasome kifungu kimoja, wanyamaze dakika kumi zinazopimwa kwa saa. Atakayesinzia kwa uchovu wa shamba asiamshwe kwa aibu. Baada ya hapo asitokee mtu wa kufafanua kifungu. Na saa ishikwe na mwingine, mama mweka hazina kwa mfano, ili katekista naye apate kusali.